Mlango wa Mabalozi

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika vizuri. Nusu yenu mnatafuna mahindi. Paukwa!

Pakawaaa!

Ahaa, sasa naona mko hai. Wewe uliyekaa juu ya kinu, shuka, kinu si kiti. Na ninyi watu wazima huko nyuma, sogeeni. Msijifanye mmekuja kujikinga mvua tu.

Zamani, zamani hasa, zamani ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshazeeka, palikuwa na kichuguu. Kichuguu kikubwa, kirefu kuliko paa la nyumba hii. Ndani yake walikaa mchwa. Walikijenga wenyewe kwa mate na udongo, baba na babu na babu wa babu. Wakajenga vyumba. Wakajenga ghala. Wakajenga njia za kupitisha upepo. Nje jua linachoma, ndani kuna ubaridi mtamu.

Katikati kabisa, chini kabisa, alilala malkia wao. Malkia wa mchwa hatembei. Amekuwa mkubwa kwa kuzaa, amelala pale pale, analishwa, anapanguswa, anazaa. Ukimwambia kimbia, hawezi. Akifa yeye, kichuguu kizima kimekufa. Hilo lishikeni, msije mkaniuliza baadaye.

Sasa, upande wa mashariki wa kichuguu walikaa wageni. Hawakuwa wageni wa kula na kuaga. Walikuwa mabalozi.

Wa kwanza ni Balozi Kenge, wa nchi ya mtoni. Mzito, shingo nene, anatoa ulimi nje kabla ya kila neno. Yeye ndiye mkubwa wao. Wa pili ni Balozi Nguchiro, wa nchi ya mawe. Mwembamba, mwepesi, hawezi kusema jambo bila kusema "kwa mujibu wa". Wa tatu ni Bibi Mdiria, wa nchi ya ziwani. Ndege mzuri, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu. Yeye alikuwa na makinda matatu katika tundu la ukuta, hata manyoya hayajaota.

Walifikaje hapo? Babu zao walipita wakaomba kivuli. Wakapewa kivuli. Wakaomba tundu. Wakapewa tundu. Mwisho wakatoa karatasi, wakasema, tieni alama hapa. Mchwa hawaoni, mnajua. Wakatia alama. Kumbe karatasi inasema upande wote wa mashariki ni wa mabalozi. Mlango wake mkubwa ni wa mabalozi. Mchwa akitaka kukanyaga huko, aombe ruhusa. Katika nyumba aliyoijenga kwa mate yake!

Mchwa wakauliza, "Na sisi tunapata nini?"

"Mnatupata sisi," wakajibiwa. "Nani atathubutu kuvamia nyumba yenye wageni kama sisi?"

Mchwa wakaona ni maneno ya maana. Wakarudi kazini.

Basi asubuhi moja, ng'ambo ya kijito, kukasikika: shwa-shwa-shwa-shwa.

Ni nini hicho?

Siafu!

Siafu, ndiyo. Safu kwa safu, weusi, hawana mwisho. Mbele yao Jemadari, kichwa kikubwa, taya kama koleo. Wakavuka kijito juu ya kijiti. Wakafika mlango wa magharibi wa kichuguu. Hodi hawakupiga.

Mchwa askari wakasimama mlangoni. Na askari wa mchwa akiona hatari hugonga kichwa chake ukutani, nyumba nzima isikie. Ta-ta-ta! Gongeni nami kwenye mkeka. Ta-ta-ta! Ta-ta-ta!

Sauti ikafika upande wa mashariki. Mabalozi walikuwa wanakunywa chai.

Balozi Kenge akatoa ulimi. "Nasikia kelele."

"Kwa mujibu wa masikio yangu," akasema Nguchiro, "ni kelele kweli."

Bibi Mdiria akaruka hadi dirishani. "Ni vita! Siafu wamewavamia mchwa!"

"Taratibu, Bibi," akasema Kenge. "Hilo ni neno zito. Tukisema vita, wakubwa wetu huko nyumbani watatuuliza tumefanya nini. Kuna aliyetangaza vita?"

Hakuna aliyetangaza.

"Basi si vita. Tuseme ni kutoelewana."

Na pale dirishani siafu wanapita. Kila mmoja amebeba mtoto wa mchwa aliyemnyakua vyumba vya nje, mweupe, laini, anajipindapinda mdomoni mwake.

"Wamebeba watoto wa watu," akasema Bibi Mdiria.

"Pengine wanawapeleka matembezi," akasema Balozi Kenge. Akaongeza chai.

Mnacheka? Haya chekeni. Mimi nikifika hapo natamani kumtia Kenge kofi.

Wakaandika barua. Barua yenyewe ilisema hivi: "Sisi mabalozi tumesikitika sana. Tunawaomba wanaouma na wanaoumwa, wote wawili, wajizuie." Nakala moja ikaenda kwa siafu, nakala moja ikaenda kwa mchwa, maneno sawasawa, nukta sawasawa. Nguchiro alizihesabu zile nukta mara mbili. Siafu wakaitafuna barua yao. Mchwa hawakupata nafasi ya kusomewa yao.

Ta-ta-ta! Ta-ta-ta!

Siku ya pili mabalozi wameketi, mara ukuta ukatoa ulimi wa udongo mbichi. Udongo ukatambaa sakafuni. Ukapanda mkeka. Ukasimama mbele ya miguu ya Kenge. Mchwa akitoka nje hewani anakauka, kwa hiyo popote aendapo hujijengea njia, anafinyanga mbele, anasogea, anafinyanga, anasogea. Ndani ya udongo huo sauti ikasema, "Hodi, waheshimiwa."

"Nani anatuchafulia mkeka?" akauliza Nguchiro.

"Ni mimi, Mfinyanzi. Nimetumwa na nyumba."

Bi Mfinyanzi alikuwa mchwa wa makamo, fundi wa kujenga, taya zake zimelika kwa udongo.

"Una ruhusa ya kuingia?" akauliza Nguchiro.

"Sina, baba. Aliyekuwa akiziandika ameliwa jana."

Kenge akakohoa. "Sema shida yako."

"Waheshimiwa, mlango wa magharibi unakaribia kuanguka. Nyuma yake ipo njia moja, na njia hiyo inakwenda moja kwa moja kwa malkia. Malkia wetu hawezi kukimbia. Sasa, ghalani kwenu mna majivu mliyozoa pori lilipoungua. Siafu hakanyagi majivu. Tupeni kibuyu kimoja tukamwage mlangoni. Kimoja tu, baba zangu. Hatuwaombi mpigane."

Majivu hayo, ili mjue, Nguchiro alikuwa akiyaogea. Yanamuulia viroboto.

"Tumekusikia," akasema Kenge. "Tutalijadili."

Wakalijadili. Asubuhi wakajadili, wakala. Mchana wakajadili, wakala. Alasiri wakajadili, wakapumzika kwa sababu kujadili kunachosha. Bi Mfinyanzi anangoja ndani ya udongo wake. Na kule magharibi, ta-ta-ta! Halafu, ta-ta. Halafu, ta.

"Tuwape tu," akasema Bibi Mdiria. "Mnasikia vichwa vinavyopungua? Watu wanakwisha!"

"Tukiwapa tumechukua upande," akasema Nguchiro. "Kwa mujibu wa desturi yetu, sisi hatuna upande."

"Na tusipowapa?"

Hapo Kenge akatoa ulimi, akaurudisha, akautoa tena. "Tusipowapa, mchwa wakashinda, watatunyang'anya upande huu wa mashariki. Ubaridi huu tutaupata wapi? Tukiwapa, siafu wakashinda, hatutapata mkataba mpya kwa siafu. Kwa hiyo tuwape, lakini tusiwape peke yao." Akasimama kwa miguu minne. "Waheshimiwa, natoa sheria. Anachopewa huyu, na yule apewe, sawa kwa sawa. Anachoambiwa huyu, na yule aambiwe, neno kwa neno. Hapo nani atasema tuna upande?"

Nguchiro akapiga makofi. "Sheria nzuri mno! Anayekubali ainue mguu."

Kenge akainua mguu. Nguchiro akainua mguu. Bibi Mdiria akatazama dirishani, akatazama tundu la wanawe, akainua bawa.

Alijua, jamani. Wale wawili walikuwa wapumbavu wa kuzaliwa, lakini Mdiria alijua. Aliinua bawa kwa sababu wenzake wameinua, na kwa sababu chai ilikuwa bado ina joto. Mimi mtu kama huyo ananiuma kuliko Kenge.

Bi Mfinyanzi akapewa kibuyu cha majivu. Mchwa wakakivuta, wakakisukuma, hadi magharibi. Wakamwaga. Puu! Siafu wa mbele akaweka mguu, akauondoa. Wa pili akaweka, akaondoa. Safu nzima ikasimama. Mlango ukapona. Malkia akapona. Ndani ya udongo mchwa walishangilia mpaka kichuguu kikatikisika.

Ningependa niishie hapo niende nikapike. Lakini mabalozi walikuwa hawajamaliza haki yao.

Wakajaza kibuyu cha pili. Wakakipima mdomo kwa mdomo na kile cha kwanza, chembe isizidi, chembe isipungue. Wakakibeba hadi kwa Jemadari wa Siafu.

"Hii ni zawadi?" akauliza Jemadari.

"Ni haki yako," akasema Kenge. "Tumewapa mchwa kibuyu cha majivu. Nawe chukua chako."

Jemadari akacheka hadi taya zikagongana. "Majivu? Yananiunguza miguu! Nikayafanyie nini?" Kisha akaacha kucheka. Siafu si mjinga. Alimtazama Kenge juu mpaka chini. "Mzee wangu, nyie ni watu wa haki?"

"Sana."

"Sawa kwa sawa?"

"Sawa kwa sawa."

"Basi sikilizeni. Mchwa mmewasaidia kufunga mlango mmoja. Mimi nisaidieni kufungua mmoja."

Mabalozi wakatazamana. Wakaenda pembeni wakanong'onezana.

"Hoja yake ina uzito," akasema Nguchiro.

"Ina uzito," akakubali Kenge. "Lakini mlango gani? Milango ya mchwa ni ya mchwa. Tukiifungua tutakuwa tumeingilia mambo yao, na sisi si watu wa kuingilia mambo ya watu."

"Upo mmoja ulio wetu," akasema Nguchiro. "Kwa mujibu wa mkataba."

Bibi Mdiria akastuka. "Mlango wetu? Tunamokaa sisi?"

"Watapita tu, Bibi. Tutawawekea masharti."

Mmeona? Watu wenye akili, wenye kofia, wenye vyeti, wanawafungulia siafu nyumba wanayolala, ili mtu asije akasema wana upande. Hata kuku hafanyi hivyo.

Wakaandika masharti siku nzima. La kwanza, siafu wapite upande wa kushoto. La pili, wasiimbe. La tatu, wasiguse kiti cha Balozi Kenge. La nne, wasimuume mtu yeyote asiyehusika. Jemadari akaambiwa atapita kesho jua likichomoza. Akasema, "Nakubali."

"Hatujakusomea."

"Nakubali hata yale mtakayoongeza."

Sheria ni sheria. Alichoambiwa huyu, na yule aambiwe. Wakamwita Bi Mfinyanzi, wakamsomea yote, neno kwa neno, sauti ya juu.

Bi Mfinyanzi hakuelewa mara moja. Akaomba wamrudie. Wakamrudia.

"Baba zangu," akasema, "mlango wenu unatokea kwetu. Ukipita ukumbi huu, ukapita chumba cha Bibi Mdiria, unashuka kwa malkia. Mlango wa magharibi mlitusaidia kuufunga wa nini?"

"Bi Mfinyanzi," akasema Kenge kwa upole, ule upole unaoudhi, "mlango huu tumeufungua kwa wote. Hata nyie mchwa mnaruhusiwa kuutumia. Mkitaka, tokeni hapa mwende mkawavamie siafu kwao."

"Juani? Tutakauka kabla ya kufika kijitoni."

"Hilo sasa ni jambo lenu la ndani."

Bibi Mdiria akainama karibu na udongo. "Mtafanya nini, mama?" akauliza polepole.

Udongo haukujibu. Kenge alipougusa kwa ukucha, ukabomoka. Ndani hamkuwa na mtu.

Jua likachomoza. Balozi Kenge akasimama mlangoni amevaa kofia, karatasi mkononi, kupokea wageni. Shwa-shwa-shwa-shwa! Siafu wa kwanza wakapita kushoto. Kenge akamwambia Nguchiro, "Umeona? Wanafuata masharti." Wakapita mia. Wakapita elfu. Wakapita ukumbi, wakapita chumba cha Bibi Mdiria, wakateremka ile njia ya kwenda kwa malkia.

Gu!

Ukuta.

Ukuta mpya, mnene kama mbuzi aliyelala, umefinyangwa kwa mate na udongo, umeshikana. Tangu Bi Mfinyanzi aondoke mkutanoni, mchwa wote waliobaki, wazima na majeruhi, hawakuwa wamefanya kazi nyingine. Siafu wa mbele akauma, taya ikateleza. Akauma tena, ikavunjika. Na siafu wa nyuma haoni kuwa mbele pamezibwa. Wa nyuma wanakuja tu, shwa-shwa-shwa, wanajaa njia, wanajaa chumba, wanajaa ukumbi, wanapanda kuta, wanapanda dari. Jeshi zima lenye njaa limeingia katika nyumba moja. Na nyumba hiyo si ya mchwa.

Jemadari akageuza kichwa chake kikubwa. Akawaona mabalozi.

"Jemadari," akaanza Nguchiro, "kwa mujibu wa sharti la nne..."

Siafu akamning'inia mdomoni. Sharti la nne likaishia hapo.

Kenge akakimbia. Mnamwona Kenge akikimbia? Tumbo linaburuta, kofia imeanguka, siafu wako kwapani, wako masikioni, wako mahali ambapo sitapataja mbele ya watoto. Nguchiro akapita juu ya mgongo wa Kenge akatoka wa kwanza. Wakajitupa kijitoni, chubwi! Chubwi!

Na Bibi Mdiria?

Bibi Mdiria hakukimbia. Nimemsema vibaya, na hili nalo nitalisema. Aliingia na kutoka, aliingia na kutoka, anadonoa siafu, anatupa, anadonoa, anatupa. Wakamuuma macho. Wakamuuma ulimi. Mdomo ni mmoja na siafu ni wengi kuliko unavyoweza kusema "wengi". Makinda yalilia. Kisha yakalia mawili. Kisha tundu likanyamaza.

Adhuhuri siafu walikuwa wamekwisha kuvuka kijito kurudi kwao. Hawakupata malkia. Walichokipata kiliwatosha.

Kenge na Nguchiro wakaketi juu ya jiwe, wanatoana siafu mwilini, wanaandika barua ya kwenda nchi zao. "Tunayo furaha kuwaarifu," wakaandika, "kwamba tangu mwanzo hadi mwisho hatukuchukua upande wowote." Na nasikia walisifiwa. Nasikia Kenge alivishwa nishani, akawa anawafundisha vijana kazi ya ubalozi. Tuachane nao, wananipandisha presha.

Bibi Mdiria akarudi peke yake ndani ya ule upande wa mashariki. Akafika kwenye ukuta. Akagonga kwa mdomo wake uliovimba.

"Bi Mfinyanzi. Uko huko?"

"Niko, Bibi," sauti ikajibu nyuma ya udongo.

"Mlikuwa mnajenga ukuta."

"Tulikuwa tunajenga."

"Mlijua siafu wakikwama watabaki upande wetu."

"Tulijua."

"Mbona hukuniambia?" Mdiria akagonga tena. "Nilikuuliza mtafanya nini, ukanyamaza. Neno moja tu! Ningewahamisha wanangu. Walikuwa watatu tu, Bi Mfinyanzi. Wadogo."

Bi Mfinyanzi hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na naye alikuwa na huzuni.

"Wanao tuliwajua, Bibi," akasema. "Tulikuwa tunawasikia wakilia njaa ukichelewa ziwani. Nami nilitaka kukuambia. Lakini ningekuambia wewe, ungelazimika kwenda kuwaambia na siafu. Wewe mwenyewe uliinua bawa."

Bibi Mdiria akalitazama bawa lake.

Basi sikilizeni, wakubwa na wadogo. Mwenye nguvu akimpiga asiye na nguvu, nawe ukasimama katikati ukasema huna upande, umeshachukua upande wa anayepiga. Na anayepigwa, siku akijua njia ya kupona, hatakuambia wewe. Atakuwa ana haki.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeielewa ampelekee ambaye hakuja.